Injini ya Japani kwa Gari Lako: Fungua Themostati Kabla ya Kulipa

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana: injini kuukuu kutoka Japani imenunuliwa, imefungwa, imezunguka Kampala bila shida, kisha kwenye milima ya kuelekea Kabale ikachemsha maji na gasketi ya hedi, kile kifuniko cha juu cha silinda, ikaungua. Analaumiwa fundi, inalaumiwa radieta. Mara nyingi ugonjwa ulikuja na injini yenyewe.

Kilomita na kompresheni (mgandamizo wa silinda) siziongelei; hayo kila mtu anauliza, na muuzaji ana jibu tayari. Angalia njia za maji. Injini huoshwa kwa dizeli na kupigwa rangi ya fedha mpaka ing'ae, lakini huko ndani brashi haifiki. Fungua bolti za kifuniko cha themostati, ile valvu ya maji ya kupozea injini, ingiza kidole, kisha kitazame juani. Utando mwembamba mwekundu, wa pinki au wa kijani ni alama ya kulanti, dawa ya kupozea injini. Aliyeitumia alikuwa mtu makini. Ukitoa tope la kahawia lenye chembe zinazokwaruza, injini hiyo iliishi kwa maji ya bomba na kutu imeanza kuziba njia. Ukitoa kitu kizito cheupe kama uji, maji na oili vimekutana. Ondoka. Kagua pia vile vizibo vya chuma vya duara ubavuni mwa bloku: vikiwa vipya kwenye injini kuukuu, uliza nani alivibadilisha na kwa nini. Muuzaji akikukatalia kufungua bolti zile, nawe usifungue pochi.

Chaguo langu la kwanza ni 1HZ, injini ya dizeli ya Toyota, na sifichi kwamba mimi ni mtu wa Toyota. Lita 4.2, silinda sita, haina tabo (kifaa cha kusukuma hewa ya ziada ndani ya injini), na pampu yake ya dizeli haihitaji kompyuta. Imo kwenye Land Cruiser tangu 1990, na ndiyo unayoisikia kwenye ambulensi na magari ya mashirika huko Karamoja. Fundi wa Moroto anaishughulikia kwa spana tu. Nunua na taimingi belti mpya siku hiyo hiyo. Iliyokuja nayo usiiamini hata ikionekana nzima.

Kwa taksi, yaani basi dogo la abiria, na Hilux, chukua 5L ya Toyota. Ni ya lita 3, nayo haina tabo wala kompyuta. Mbio haina, ila inabeba abiria 14 kutwa nzima.

1KZ-TE ya Prado naiweka ya tatu, shingo upande. Nguvu inazo, lakini hedi yake ya aluminiamu inajulikana kwa kupasuka ikichemshwa. Hapa kidole hakitoshi: hedi ivuliwe, ipelekwe kupimwa kwa presha. Kompyuta yake na wayaringi nzima, isiyokatwa, vije pamoja nayo, la sivyo umenunua chuma.

4M40 ya Mitsubishi Pajero inatumia cheni badala ya belti, nalipenda hilo, lakini pesa yangu inabaki kwa Toyota. 2L na 1RZ, nazo za Toyota, ni za bei nafuu. Kwa gari la mjini, sawa.

Sasa bei. Sheria ya Uganda ya 2018 ilizuia kuingiza magari yaliyofikisha miaka 15, kwa hiyo wenye HiAce na Prado za zamani wanazing'ang'ania, na wauzaji wanalijua hilo. Bei kupanda naweza kuvumilia. Kinachoniudhi ni kuikatakata injini. Mnakubaliana bei ya injini nzima, ukirudi kesho na fundi, alteneta imeng'olewa, stata haipo, na pampu ya dizeli, "Nyabo, hiyo inauzwa kando." Ukilalamika unaambiwa ulinunua injini, vikorokoro hukununua. Dhamana nayo ni ya kuwasha tu: ikishanguruma mbele yako juu ya tairi, imekwisha. Injini mbovu haichemki kwa dakika chache za kunguruma, inachemka mlimani ikiwa na mzigo, na muuzaji anajua.

Basi risiti iandikwe namba ya injini kama ilivyochongwa kwenye bloku, kila kifaa kinachokuja nayo, na siku unazopewa za kurudisha. Piga picha pande zote, namba ionekane, kabla pesa haijatoka mkononi. Hiyo namba iingizwe pia kwenye logibuku (kadi ya gari), maana mnunuzi wa gari lako ataitafuta.