Uzoefu wangu: wiki 8 za fildi kitengo cha fedha, na unachoondoka nacho

Programu ninayoizungumzia ni ya wanafunzi wa likizo ndefu, Julai hadi Septemba, katika kampuni ya usambazaji wa bidhaa jijini Dar es Salaam. Jina lake nimeliacha. Ni fildi (mafunzo kwa vitendo) ya wiki 8 kitengo cha fedha, kwa wanafunzi wa uhasibu na fani zinazokaribiana nao. Msiichanganye na mafunzo tarajali, ambayo ni ya waliokwisha kuhitimu. Naipa nyota 4 kati ya 5.

Faida kubwa kuliko zote ni kushika karatasi halisi. Darasani unaambiwa kila malipo yana viambatanisho. Huku unakabidhiwa fungu la vocha (hati za kuidhinisha malipo) uzikague kabla hazijaenda kusainiwa, na kwa kila vocha kuna hati tatu za kulinganisha: LPO (hati ya kuagiza bidhaa) iliyotoka kwenye kampuni, hati ya kupokelea mzigo iliyosainiwa ghalani, na ankara ya muuzaji. Bei ya kwenye ankara ilingane na ya kwenye LPO, na idadi ilingane kote. Kasoro nyingi hutokea kwenye idadi: muuzaji ameleta katoni 96 badala ya 100, mtunza ghala akaandika 96, ankara bado inadai 100. Hapo hulipi, na usithubutu kusahihisha ankara kwa kalamu. Unamwomba muuzaji kredit noti (hati ya kupunguza deni la ankara) ya katoni 4, unaiambatanisha, ndipo vocha inaendelea. Ukishazirudisha vocha za namna hiyo kadhaa, udhibiti wa ndani unauelewa bila kukariri.

Kwenye kodi, jifunze kusoma risiti ya EFD (mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti) kabla ya kitu kingine. Angalia kama TIN (namba ya mlipakodi) ya kampuni, yaani mnunuzi, imo. Risiti isiyo na taarifa za mnunuzi inaleta shida wakati wa kudai VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya manunuzi, na kumrudia muuzaji baada ya mwezi ni kazi nzito. Toa kivuli siku hiyohiyo, kwa sababu karatasi ya EFD ni ya joto na maandishi yake hufifia. Risiti iliyokaa kwenye pochi ya dereva wiki tatu inaweza kufika mezani ikiwa nyeupe. Na kodi ya zuio, ile unayoikata kwenye malipo ya muuzaji na kuipeleka serikalini, ya asilimia 5 kwenye huduma hukokotolewa kwenye bei kabla ya VAT. Huduma ya shilingi 1,000,000 yenye VAT ya asilimia 18 inafika 1,180,000, lakini zuio ni 50,000, siyo 59,000. Karibu kila anayeanza hulikosea hilo, kwa kuwa macho yanakwenda kwenye jumla ya chini.

Sasa usuluhishi wa benki, yaani kulinganisha rekodi za kampuni na za benki. Kama ukipewa nafasi ya kuchagua kazi moja, chagua hii. Inafanyika hivi: unachukua stetimenti ya benki na daftari la fedha la mwezi uleule, pamoja na usuluhishi wa mwezi uliopita. Hiyo ya tatu ndiyo watu huisahau, halafu wanashangaa hesabu haifungi, kumbe kuna hundi ya mwezi uliopita iliyolipwa mwezi huu. Weka tiki kwenye kila muamala unaoonekana pande zote mbili. Vilivyobaki upande wa benki pekee, kama makato, riba na pesa zilizowekwa na wateja, vinaingizwa kwenye daftari. Vilivyobaki upande wa daftari pekee, kama hundi ambazo hazijapelekwa benki, vinaorodheshwa kwenye usuluhishi tu, daftari haliguswi.

Panapochosha ni kwenye pesa za wateja. Mwenye duka anamtuma kijana wake kuweka pesa kwa wakala wa benki, stetimenti inaleta jina la kijana, na jina hilo halimo kwenye leja ya wateja. Usibahatishe kwa kuangalia nani anadaiwa kiasi kinachofanana. Weka kwenye akaunti ya muda vitabuni (ya kushikilia pesa ambazo mwenyewe hajajulikana), omba picha ya risiti ya wakala kutoka kwa mtu wa mauzo wa eneo hilo, ndipo uhamishe. Kubahatisha kunamfutia deni mteja mmoja na kumfanya mwingine adaiwe mara mbili.

Bado kuna tofauti kati ya benki na daftari? Igawe kwa 9. Ikigawanyika bila baki, kuna uwezekano tarakimu zimepishana: 540,000 imeandikwa 450,000, tofauti ni 90,000. Isipogawanyika, igawe kwa 2 na utafute muamala wa kiasi hicho, huenda umeingizwa debiti badala ya krediti.

Excel utaitumia kutwa. VLOOKUP (fomula ya kutafuta taarifa kwenye jedwali) ikikataa wakati namba unaiona kwa macho, mara nyingi namba moja imehifadhiwa kama maandishi au ina nafasi tupu mwishoni. TRIM huondoa nafasi za kawaida, VALUE hurudisha namba. Mwishoni mwa VLOOKUP andika FALSE, la sivyo inaweza kukuletea jibu la mteja mwingine bila kukuonya. Tarehe pia: kompyuta iliyowekwa mtindo wa Marekani husoma 05/08 kama Mei 8.

Nyota iliyopungua ni ya wiki 2 za mwanzo. Akaunti ya mfumo wa uhasibu haikuwa tayari, na muda huo uliishia kwenye kutoa vivuli na kupanga mafaili. Katika wiki 8, hiyo ni robo ya mafunzo. Waandaaji wa programu wangeomba akaunti hizo siku barua ya kukubaliwa inapotoka, zikiwa za kusoma tu, na hasara hiyo isingekuwepo. Posho ilikuwa nauli peke yake, chakula kikawa juu ya mwanafunzi. Mwenye mkopo wa Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu apigie hesabu fungu lake la mafunzo kwa vitendo mapema, asitegemee posho.

Logibuku (daftari la kumbukumbu za kazi za fildi) ijazeni kila siku na isainiwe kila Ijumaa. Msimamizi aliyeletewa kurasa 40 wiki ya mwisho anasaini bila kusoma, na mkaguzi wa chuo akija anayaona maandishi ya siku moja na kalamu moja. Sentensi kama "nilisaidia idara ya fedha" haina alama. Andika: "Nimekagua vocha 32, nimerudisha 5, 3 hazina hati ya kupokelea mzigo, 2 zina risiti zisizo na TIN ya mnunuzi." Kwenye viambatanisho vya ripoti, funika majina ya wateja, namba za akaunti na mishahara kabla ya kutoa kivuli, na mwonyeshe msimamizi nakala hiyo kwanza. Usijitumie mafaili ya kampuni kwenye barua pepe yako binafsi, hata kama ni kwa ajili ya ripoti.

Barua ya chuo na CV zipelekwe Machi au Aprili, maana Juni viti vimeshajaa. Kabla ya kukubali nafasi, uliza mambo matatu: nani atakuwa msimamizi wako wa kila siku, akaunti ya mfumo itakuwa tayari lini, na kama utakuwepo wakati hesabu za mwezi zinafungwa. Fildi inayoanza katikati ya Julai na kwisha katikati ya Septemba inakupa ufungaji wa miezi miwili, Julai na Agosti. Wa kwanza unautazama. Wa pili omba uufanye mwenyewe, hata kama ni kwa akaunti moja ya benki yenye miamala michache.