Jira, Trello, GitHub Projects na Redmine: uzoefu wangu kwa timu za programu za simu

Tathmini hii inaihusu timu ya watu 3 hadi 15 wanaotengeneza programu za Android na iPhone, na msimbo wao uko kwenye Git (mfumo wa kutunza historia ya msimbo). Timu ya watu 80 ina mahitaji mengine kabisa.

Ninapopima zana ya kusimamia kazi siangalii kwanza uzuri wa ubao, yaani ukurasa wenye safu za kadi za kazi. Naangalia jambo moja: kazi ikiisha kwenye msimbo, ubao unapataje habari? Kama ni lazima mtu akumbuke kwenda kusogeza kadi, haitachukua muda ubao utakuwa unasema lake na repo (ghala la msimbo) inasema lake, na kikao cha asubuhi kitageuka kuwa cha kuuliza nani alifanya nini.

Trello nitaipitia haraka. Ilizinduliwa 2011, Atlassian, watengenezaji wa Jira, wakainunua 2017, kwa hiyo Trello na Jira ni za mwenye duka mmoja. Mteja ambaye hajawahi kuona msimbo anaielewa kabla chai haijapoa. Toleo la bure linakupa mbao 10 na washiriki 10 kwa kila eneo la kazi, na faili lisizidi MB 10. Kikomo hicho cha faili ndicho kinachouma, kwa sababu video ya skrini inayoonyesha hitilafu hukivuka upesi. Irekodi kwa ubora wa chini au weka kiungo cha Drive. Kiunganishi chake cha GitHub (tovuti ya kuhifadhi repo za Git) huambatanisha PR (pull request, ombi la kuunganisha mabadiliko ya msimbo) kwenye kadi na kuonyesha hali yake, lakini kuambatanisha peke yake hakuihamishi kadi. Mimi Trello naiachia maombi ya mteja, picha na maandishi ya kwenye skrini. Hitilafu siziweki huko.

GitHub Projects, ubao uliomo ndani ya GitHub yenyewe, ndiyo ninayoipa nafasi ya kwanza kwa timu ndogo. Kwenye maelezo ya PR unaandika `Closes #45`, PR ikiunganishwa issue (kazi au hitilafu iliyoandikwa GitHub) namba 45 inajifunga, na kanuni za otomatiki za ubao zinaipeleka kwenye safu ya mwisho. Hakuna anayekumbushwa chochote.

Ila kuna mitego. Neno hilo kwenye PR hufanya kazi pale tu PR inapolenga tawi la msingi la repo, yaani mstari mkuu wa msimbo. Timu nyingi za simu huunganisha kazi kwenye tawi la `develop`, kisha `main` siku ya kutoa toleo. Kama tawi la msingi ni `main`, PR inayokwenda `develop` neno lake linapuuzwa kimyakimya: haifungi issue wala haijiungi nayo. Dawa ni mbili. Ama weka `develop` kuwa tawi la msingi, ama andika `Closes #45` ndani ya ujumbe wa komiti (badiliko lililohifadhiwa kwenye Git) yenyewe, nayo itafunga issue komiti hiyo itakapofika `main`. Mkitumia squash (kubana komiti zote za PR kuwa moja), hakikisheni ujumbe wa mwisho bado una neno hilo, maana anayebonyeza kitufe cha kuunganisha anaweza kulifuta bila kujua.

Mtego wa pili ni mkubwa zaidi na si wa GitHub peke yake: msimbo kuunganishwa si sawa na programu kumfikia mtumiaji. Kwenye tovuti tofauti hiyo ni ya dakika chache. Kwenye simu kuna majaribio ya ndani, ukaguzi wa duka, halafu usambazaji wa asilimia kwa asilimia. Ubao ukisema "Imekamilika" siku ya kuunganisha, anayejibu wateja atamwambia mtu wa Mwanza asasishe programu ambayo bado haijatoka. Kwa hiyo safu ya mwisho naigawa mara tatu: Imeunganishwa, Kwenye majaribio, Imetoka. Kanuni ya "Item closed" inayokuja na ubao ihariri ielekeze kwenye Imeunganishwa. Hatua mbili zinazofuata anazisogeza mtu mmoja tu, yule anayepakia toleo, na kwa kuwa kila issue ina milestone (alama ya hatua) ya toleo lake, mfano `2.4.0`, anachuja na kuzihamisha zote kwa mkupuo.

Ongeza pia kisanduku cha maandishi kiitwacho versionCode, yaani namba ya ndani ya kila faili la programu ya Android. Play, duka la programu la Google, haikubali namba hiyo ijirudie, ilhali jina 2.4.0 linaweza kuwa kwenye faili nne tofauti ndani ya wiki moja. Mjaribuji akisema "kwenye 2.4.0 bado inakwama", bila versionCode hujui anazungumzia faili lipi. Na kuna tarehe ambazo hazimsubiri mtu, ziweke ubaoni kama kazi: akaunti binafsi ya Play iliyofunguliwa baada ya 13 Novemba 2023 inatakiwa kuwa na wajaribuji wasiopungua 12 kwa siku 14 mfululizo kabla ya kuomba kutoa programu kwa umma, na faili la TestFlight (huduma ya Apple ya kujaribu programu za iPhone) linakufa baada ya siku 90.

Kwa akaunti ya bure ya GitHub, kanuni ya kuingiza issue mpya ubaoni moja kwa moja ni moja tu. Kama una repo ya programu na nyingine ya seva, moja itabaki nje. Inazibwa kwa `actions/add-to-project`, otomatiki ya GitHub inayoongeza issue ubaoni, lakini uipe tokeni (ufunguo wa ruhusa) uliyoitengeneza mwenyewe, kwani `GITHUB_TOKEN` ya kawaida haina ruhusa ya kugusa Projects. Kingine, mteja asiye na akaunti ya GitHub hauoni ubao wa faragha.

Jira inasifiwa na kulaaniwa kwa sababu ileile: inakubali kupangwa utakavyo. Bure ni hadi watumiaji 10 na GB 2 za hifadhi. Mtu wa 11 akiingia unalipia wote 11, si yeye peke yake, kwa hiyo fikiri kabla ya kumpa nafasi kila mjaribuji na kila meneja wa upande wa mteja. Otomatiki za bure ni 100 kwa mwezi, na kanuni ya kutuma taarifa kila kadi inaposogezwa itazimaliza mapema mno.

Inachowazidi wenzake ni "Fix version", kisanduku cha toleo ambalo kazi itatoka nalo. Ukiandika kwenye utafutaji `fixVersion = "2.4.0" AND statusCategory != Done` unaona kilichobaki kabla ya kutoa toleo. Lakini miradi ile inayosimamiwa na kampuni nzima ina kisa cha "Resolution", kisanduku kinachosema kazi ilitatuliwaje. Kadi inaweza kukaa Done na bado Jira ikaihesabu kuwa haijatatuliwa, kwa sababu kisanduku cha Resolution ni kitupu. Ripoti zinachafuka, na vichujio vinaleta kadi za mwaka jana. Ingia kwenye mtiririko (workflow) wa hali za kadi, kwenye mpito wa kwenda Done weka hatua ya kujaza Resolution, na kwenye mpito wa kurudisha kadi weka hatua ya kuifuta. Na kamwe usitengeneze chaguo lenye jina "Unresolved": kisanduku kikiwa na thamani yoyote ile, Jira inaona kazi imetatuliwa. Miradi inayosimamiwa na timu yenyewe haina usumbufu huu, na ndiyo ningeanza nayo.

Jingine la Jira: kwenye mbao za mradi wa kampuni, sprinti (kipindi kifupi cha kazi kilichopangwa) inahesabu kazi kuwa imeisha ikifika safu ya kulia kabisa. Ukiweka Imetoka kuwa safu hiyo, chati ya burndown (ya kazi inayobaki) itabaki bapa hadi siku ya duka na timu itaonekana haikufanya kitu. Ziweke hali zote tatu ndani ya safu moja ya mwisho, utoaji ufuatilie kwa toleo.

Redmine ni ya anayetaka data kwenye seva yake. Ipo tangu 2006, leseni ni GPL (ya programu huria), ina chati ya Gantt (ratiba ya kazi kwa mistari) na saa za kazi bila plagini. Sura yake ni ya kizamani, sibishi. Ninachokipenda ni ujumbe wa komiti kama `refs #128 @2h`: unaunganisha komiti na kazi 128 na kuandika saa mbili papo hapo, mradi tu umewasha uandikaji wa saa kwenye mipangilio ya repo. Kwa wanaomtoza mteja kwa saa, hilo peke yake linatosha.

Shida ni kwamba Redmine inasoma repo ya Git iliyo kwenye diski ya seva hiyohiyo, haiifuati GitHub. Unaanza na `git clone --mirror`, kisha cron (kiratibu cha kazi za seva) iwe na hatua mbili kwa mpangilio huu: `git remote update` ndani ya nakala hiyo, halafu `bin/rails runner "Repository.fetch_changesets" -e production`. Wengi huweka ya pili tu, wakashangaa komiti mpya haziji. Kikomo cha kiambatisho ni KB 5120 mpaka ukibadilishe, na nakala rudufu ni hifadhidata pamoja na folda ya `files`. Ukiokoa moja bila nyingine umeokoa nusu.

Kuhusu kikomo cha kazi kwa safu, usitegemee zana ikukatalie. Jira inageuza safu kuwa nyekundu na GitHub inaonyesha tu kuwa umezidisha, kadi ya ziada inaingia vilevile.

Kabla ya kujifunga na yoyote, jaribu kutoka, yaani kuchukua data yako yote. Trello ya bure inatoa faili la JSON, CSV (faili la jedwali) ni ya kulipia, na JSON hiyo inabeba matukio 1000 ya karibuni tu huku viambatisho vikibaki viungo. Kwa GitHub tumia `gh`, zana yake ya mstari wa amri: `gh issue list --state all --limit 5000 --json number,title,body,labels,state`. Usiiache `--limit`: bila hiyo unapewa issue 30, faili linafunguka vizuri, na hakuna onyo lolote kwamba zilizobaki hazimo.