Fomu ya wosia ya saiba: inamfaa mzee wako?

Kwa bei ya kuchapisha kurasa nne, saiba yoyote ya mjini itakutolea fomu tupu ya wosia kutoka mtandaoni. Mzee anajaza, anatia sahihi, mashahidi wawili wanatia zao, basi. Na kisheria hiyo inaweza kutosha. Sheria ya Mirathi ya Kenya, Sura ya 160, haimlazimishi mtu kwenda kwa wakili, wala haidai wosia usajiliwe popote. Kwa hivyo fomu si takataka. Ubovu wake ni kwamba inakuachia nafasi za kujaza bila kukwambia kinachoharibika ukizijaza vibaya.

Ukurasa wa mali ndio bora kuliko yote, kwa sababu unamfanya mzazi ataje kila alicho nacho angali hai. Lakini safu ya ardhi ni nyembamba mno. Ukiandika "ploti ya Ruai", watoto watabishana ni ploti ipi. Nakili nambari yote kama ilivyo kwenye hati miliki, kisha uhakikishe kupitia Ardhisasa, mfumo wa serikali wa rekodi za ardhi mtandaoni, kwamba jina la mwenyewe ndilo lililo kwenye rejista. Shamba ambalo bado limeandikwa jina la babu haligawiki kwa wosia wa baba. Mirathi ya babu itangulie. Nyumba iliyosajiliwa kwa umiliki wa pamoja na Mama, bila kila mmoja kuwa na fungu lake (joint tenancy), humwendea Mama moja kwa moja, hata wosia ukisema vingine. Akiba ya sako nayo hulipwa aliyetajwa kwenye fomu ya uteuzi ya chama. Kaikague hiyo fomu, maana huenda mzee aliijaza kabla hajaoa.

Sasa ukurasa wa mwisho. Una mistari miwili, "Shahidi wa 1" na "Shahidi wa 2", bila neno la onyo. Hapa ndipo nyumba nyingi hujikwaa: kitinda mimba aliyempeleka Mama saiba anatia sahihi kama shahidi, na kumbe yeye mwenyewe ameachiwa nyumba ya Umoja. Wosia wenyewe haufi, ila zawadi yake inabatilika, isipokuwa wawepo mashahidi wengine wawili wasiorithi kitu. Mume au mke wa shahidi naye hukumbwa na kanuni hiyohiyo. Tafuteni jirani na mzee wa kanisa. Kila mmoja amwone mzazi akitia sahihi, au amsikie akikiri kwamba ile ni sahihi yake, kisha atie yake mbele ya mzazi. Kuwa chumbani wote wawili kwa wakati mmoja si lazima, lakini ni salama zaidi. Hawahitaji kusoma nani kapewa nini.

Mzazi asiyeona vizuri au anayetia alama ya kidole gumba hana mahali pake kwenye fomu. Ongezeni sentensi isemayo kwamba alisomewa wosia wote kwa lugha anayoielewa, akaukubali. Kama ameanza kusahausahau, pateni barua ya daktari ya wiki hiyohiyo. Na mtoto atakayepata fungu kubwa asiwe ndiye mwandishi. Mahakama huutilia shaka wosia ulioandaliwa na mrithi.

Kosa tusiloweza kulisamehe ni mstari mmoja tu wa "jina la mke". Katika boma la wake wawili, anayeachwa nje ana haki ya kuomba mahakama imtengee fungu, na kesi ya namna hiyo hula miaka. Watajeni wote, pamoja na watoto wote, hata aliyekwisha kupewa chake. Mwandikeni alipewa nini.

Mali ikibadilika, msikate mstari kwa kalamu. Rekebisho lisilotiwa sahihi na mashahidi upya halina nguvu. Andikeni wosia mpya unaofuta wa zamani.

Kwa Mwislamu, fomu hii haifai: mirathi yake hufuata sharia, na wosia hauzidi theluthi moja ya mali wala haumpi mrithi halali ziada. Na mzazi mwenye kampuni, mashamba yenye mgogoro au mtoto mlemavu wa kutunzwa maisha yote amwone wakili.

Mahakama ya Familia pale Milimani, Nairobi, itataka nakala halisi, si fotokopi. Ikae bila kuleminetiwa, na msimamizi aliyetajwa ndani ajue iko kabati gani na ufunguo uko kwa nani.