Eti tatizo ni jasho langu

Sikukusudia kuandika haya, ila jibu la watengenezaji kwenye barua pepe bado linanichoma. Nilinunua hiki kibao cha kugusa, chenye vigae vya kupigia noti kwa kidole, kwa ajili ya sinthesaiza yangu ya moduli (ala ya muziki ya umeme inayoungwa kwa vipande na waya), pesa ya kujinyima muda mrefu, na siku ya kwanza tu nikagusa kigae kimoja vikalia vitatu. Kidole nimeinua, noti bado inalia. Nikadhani chaneli mbovu, nikabadilisha waya zote, nikachomoa moduli moja moja. Wapi!

Nikawaandikia. Wakanijibu kwa mstari mmoja na nusu: unakoishi kuna joto, nawa mikono uikaushe kwanza. Basi. Mimi mtu wa Dar, jasho nimezaliwa nalo, ndiyo nipige muziki nimevaa taulo? Na ukweli usemwe, jasho linachangia, kwa sababu vigae hivi havina kitufe ndani. Vinahisi tu jinsi ngozi yako inavyobadilisha umeme wake, na ukilaza kidole kikakaa bapa volti inapanda, kana kwamba umekandamiza. Lakini noti kulia yenyewe nimekaa mbali? Hiyo si jasho.

Aliyenifumbua macho ni fundi umeme wa mtaani, aliyekuja kwa shida nyingine kabisa ya feni. Akaniona nimeshika chuma cha boksi kwa mkono wa kushoto huku napiga kwa kulia, maana nilishagundua nikishika hivyo kinatulia, sijui kwa nini. Akatazama adapta. Ina pini mbili, na soketi yetu ya matundu matatu nimeifungua kwa kuchomeka mfuniko wa kalamu, kama kila mtu. "Kaka, hiki kitu hakina ardhi. Kinaelea." Kwenda nje, waya wa ardhi wa nyumba nzima unaning'inia, umekatwa zamani, mwenye nyumba hana habari. Akapigilia fimbo ya shaba, akaunganisha waya, akavuta mwingine hadi kwenye skrubu ya boksi langu.

Jamani. Kimya. Kila kigae kinajibu kwa kidole chake.

Sasa hapo ndipo ninapokosa msimamo, kwa sababu kikifanya kazi hiki kitu ni kitamu ajabu. Kila kigae kina kinobu chake cha volti. Volti hiyo ndiyo inayoamua noti iwe juu au chini: oktavu moja, yaani nusu toni kumi na mbili, ni volti moja, kwa hiyo nusu toni ni kama volti 0.083, na hakuna anayekulazimisha kuishia hapo. Nimeishusha noti ya pili ya Bayati, ile maqamu ya Kiarabu, mpaka ikakaa pale pale inapokaa kwenye fidla za taarabu, katikati ya noti mbili za kinanda. Kinanda cha kawaida hakinipi hiyo. Nilikesha.

Ningewapa nyota tano usiku ule. Asubuhi nikakumbuka "nawa mikono", nikarudi kwenye mbili. Sentensi moja kwenye kijitabu, kwamba unganisha boksi na ardhi, ingeniokolea wiki kadhaa na heshima yangu. Haya, tatu basi, kwa ajili ya Bayati.

Leo nimekiwasha vidole vikiwa juu yake. Kumbe kinapowaka ndipo kinapojipima. Kikahesabu vidole vyangu kuwa ndiyo hali ya kawaida, kikagoma kuhisi chochote. Nimekizima. Mbili.