Kupandisha video za HD: ikifika asilimia mia ndo kwanza kazi inaanza

Wadau, huu ni uzoefu wangu na jukwaa moja la video nalolitumia muda mrefu sasa, jina naliacha makusudi maana kuna sehemu ntalisema na sitaki maneno, halafu mengi nayoyaongelea hapa utayakuta karibu kila sehemu wanapopokea video za watu. Video zangu ziko za aina mbili, kuna za dansi jukwaani, yaani taa nyingi, moshi, watu wanaruka, na kuna za mafunzo ya kompyuta ambazo ni skrini tu na sauti yangu. Naliweka hili mwanzoni kwa sababu akaunti ni ileile, mtandao uleule, lakini hizo video mbili zinatoka tofauti kabisa, na watu wengi wakilalamika kwamba jukwaa linaharibu video hawasemi wamepandisha video gani.

Kupandisha kwenyewe hapo sina neno, wamejitahidi. Unaburuta faili unaliachia, ule mstari unaanza kutembea na huku wewe unaendelea kuandika kichwa na maelezo. Mtandao ukikata haianzi upya, inangoja, ukirudi inaendelea pale ilipoishia, hata kivinjari kikijifunga ukarudi baadae kidogo ukachagua faili lilelile inalitambua. Kwa mtu mwenye faili la GB kadhaa hicho kitu peke yake kinatosha kukufanya usihame.

Ishu iko kwenye spidi na hapa wengi wanajidanganya. Mtu anapima intaneti yake anaona namba kubwa anafurahi, kumbe ile ni ya kushusha, ya kupandisha iko chini yake na mara nyingi ni ndogo sana, kwa sababu laini nyingi zimepangwa kwa mtu anayetazama sio anayetuma. Halafu namba ya spidi iko kwenye megabiti wakati ukubwa wa faili uko kwenye megabaiti, na baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gawanya kwa 8 kabla hujaanza kumlaumu mtu. Mfano, YouTube wenyewe wanapendekeza video ya 1080p (yaani picha yenye mistari 1080 ya pikseli, zile nukta za picha, kutoka juu mpaka chini) ya fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde iwe na bitireti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde ya video, ya megabiti 8 kwa sekunde, na ikiwa fremu 60 iwe 12. Video ya dakika 10 kwa hiyo 8 inakuja kama MB 600. Sasa kama laini yako inapandisha megabiti 2 kwa sekunde, hapo ni dakika 40, na hiyo ni kama hakuna anayetumia mtandao huohuo na wala haujayumba. Nenda kwenye 4K, ile ya mistari 2160, ambayo kwa fremu hizohizo 30 wanapendekeza kati ya megabiti 35 na 45, ile 45 kwa dakika 10 hizohizo ni karibu GB 3.4, na kwa laini ileile ni masaa matatu na dakika 45. Ndo maana mimi 4K sigusi mpaka iwe kazi ya mtu aliyeiomba, na nikiwa na faili kubwa naliacha lipande usiku, waya umechomekwa kwenye ruta, kompyuta nimeizuia isilale.

Haya, sasa imefika asilimia mia. Mtu mgeni anajua imeisha, anatuma linki kila grupu, na dakika hiyohiyo komenti ya kwanza inaingia "mbona iko bluri". Haijaisha hiyo. Kilichoisha ni faili lako kufika kwao tu, baada ya hapo seva zao, yaani kompyuta zao, zinalifungua na kutengeneza kopi nyingi, ndogo kwa ajili ya mwenye mtandao dhaifu, kubwa kwa mwenye runinga, na wanaanza na zile ndogo, 360p inatoka mapema, 720p na 1080p zinafuata, 4K ndo ya mwisho kabisa na inaweza kuchukua masaa. Anayefungua mapema anapewa kilichopo. Dawa yake ni ndogo, unapandisha video ikiwa ya faragha au ya wenye linki tu, unaenda kufanya mambo yako, ukirudi unaangalia kwenye orodha ya ubora kama ile ya juu imeshatokea, ndo unaifungulia watu.

Hapa ndo lawama yangu kubwa kwa hawa jamaa. Maandishi yanakwambia tu "inachakatwa" na kiduara kinazunguka, hamna asilimia, hamna makadirio ya muda, hamna taarifa ya kwamba 1080p tayari. Kila mara lazima uingie mwenyewe uchungulie. Kuna video ya mafunzo, fupi tu, ilikaa kwenye 360p mpaka nikaamini wameisahau, wakati ya dansi niliyoipandisha baada yake na ni nzito mara nyingi zaidi ilikuwa imeshamaliza. Nikaandika kwenye msaada wao, jibu lililokuja ni lile la kunakiliwa, nifute kumbukumbu za kivinjari. Kivinjari kinahusika vipi na seva zao, mimi hata sikujibu. Baadae ikajitokeza yenyewe.

Tuje kwenye ubora wenyewe sasa, maana hapa ndo penye utamu. Ukitaka kuelewa jukwaa linakufanyia nini chukua sekunde chache za video ile ya dansi, pale taa zinapobadilika kutoka bluu kwenda nyekundu na moshi unapita mbele ya wachezaji. Kwenye faili langu la asili naona mikunjo ya nguo na majasho usoni. Kwenye jukwaa, kwa 1080p hiyohiyo, moshi unakuwa vijiboksi, ukutani nyuma kuna mistari ya rangi kama ngazi badala ya kivuli kilaini, na mchezaji akigeuka haraka uso unafutika halafu unarudi akitulia. Namba imeandikwa 1080p sawa, pikseli zipo zote, ila data ya kuzijaza wameikata. Hawawezi kuacha faili lako kama lilivyo kwa sababu wanalisambaza kwa watu wengi na kila biti ni gharama kwao, kwa hiyo wanalibana, na mbano unategemea picha moja inafanana vipi na inayofuata. Moshi, mvua, majani yanayotikiswa na upepo, vikaratasi vinavyomwagwa stejini, hivyo vyote vinabadilika kila fremu na ndo vinavyoumia. Video yangu ya skrini haibadiliki, kile kimshale cha mausi tu kinatembea, inatoka safi kama nilivyoituma. Ila nayo ina masharti yake, maandishi madogo kwa 720p hayasomeki, kwa hiyo nakuza herufi kabla ya kurekodi.

Sasa kuna ujanja ambao wanaopandisha video wengi wanaujua na mimi nauunga mkono. Kazi yangu ni 1080p, lakini wakati wa kuitoa kwenye programu ya kuediti naiongeza mpaka 1440p, halafu ndo naipandisha. Picha haipati uhai mpya hapo, pikseli za ziada zimekisiwa tu, ila jukwaa linaiweka kwenye daraja lingine, inapewa bitireti kubwa na mara nyingi kodeki, yaani njia ya kubana video, iliyo bora zaidi. Kwa YouTube unaweza kujihakikishia mwenyewe, bofya kulia juu ya video ufungue kile kidirisha cha takwimu, chaneli ndogo ikipandisha 1080p mara nyingi utaona avc1, kodeki ya zamani, ikipandisha 1440p utaona vp09, mpya zaidi, na ya pili inabeba picha vizuri zaidi kwa data ileile. Kwenye jukwaa langu sina kidirisha cha hivyo, nahukumu kwa macho, na moshi ule umepungua vijiboksi kwa kiasi ambacho hata mtu asiyejua haya mambo aliniuliza kama nimenunua kamera. Gharama yake ni faili kuwa kubwa, maana kutoka pikseli milioni 2 na ushee kwa kila fremu unaenda karibu milioni 3.7, kwa hiyo kwa mwenye bando la kuhesabu ajipime kwanza.

Kinachonichekesha ni tulikotoka. Video ya kwanza kabisa YouTube, Aprili 2005, ilikuwa 240p na watu waliona kawaida. 1080p wenyewe waliianza mwishoni mwa 2009 na 4K mwaka 2010. Leo mtu akiona 480p anadhani simu yake imeharibika.

Kwa wanaotumia simu, app ya hawa jamaa ni nzuri ila ina mtego. Kwenye settingi kuna sehemu ya ubora wa kupakia na haijawekwa kwenye ule wa juu, ukiacha kama ulivyoikuta inaipunguza video humohumo ndani ya simu kabla hata haijatoka, halafu jukwaa nalo linaibana tena upande wake, kwa hiyo imebanwa mara mbili. Kaibadilishe hiyo kabla ya kitu kingine chochote. Na kama unaediti kwenye kompyuta tafadhali usijitumie video kwa programu za meseji kama video ya kawaida, zinaipunguza vibaya, itume kama dokumenti au tumia waya tu. Jingine ni HDR, ule mfumo wa mwanga na rangi kali zaidi, baadhi ya simu mpya zinarekodi hivyo bila kukuuliza, kwenye skrini ya simu yenyewe inapendeza sana halafu ikifika kwa watazamaji wenye skrini za kawaida rangi zinapauka, watu wanaonekana kama wamepakwa unga. Mimi nimeizima kabisa.

Sauti sina mengi, inafika vizuri, weka muundo wa sauti uitwao AAC basi. Kitu cha kuangalia ni ile video ya simu ambayo fremu zake hazina mwendo mmoja, mara 30 mara 27, ukiiingiza kwenye programu ya kuediti midomo na sauti vinaweza kuachana taratibu kadri video inavyoenda, kwa hiyo igeuze kwanza iwe fremu za mwendo mmoja kabla hujaikata.

Kuna kitu kimoja nakitamani na sijui kwa nini hawakiweki. Ukigundua kosa la tahajia ndani ya video baada ya kuipandisha, hakuna namna ya kubadilisha faili na linki ikabaki ileile, lazima upandishe upya, watazamaji na komenti zote zinabaki kwenye ile ya zamani. Vimeo wanacho kitu hicho, unabadilisha faili na anuani haibadiliki. Kwa mtu wa mafunzo kama mimi, ambapo programu nayoifundisha inabadilisha menyu zake kila kukicha, hilo lingeniokolea kazi nyingi sana.

Kwa jumla nawapa nyota nne, na kwa wale wa video za skrini na maongezi hata tano zinafaa, ila mwenye video za mwendo na giza ajue atapigana na mbano kila siku. Na faili la asili usilifute hata kama diski imejaa, nunua nyingine. Kuna kitufe cha kushusha video yako mwenyewe na watu wanakichukulia kama ndo stoo, nimekijaribu, nilichorudishiwa ni kile kilichobanwa, ukikiediti ukakipandisha tena vile vijiboksi vya moshi vinabanwa mara nyingine juu yake.