Zawadi za mtu anayependa kuchoma nyama nje: kipi atakitumia kweli na kipi kitaishia stoo

Tuanze na kile ambacho hutakiwi kununua, maana ndo wengi wanakikimbilia. Lile begi la alumini lenye vifaa sijui kumi na nane ndani, kila kimoja na kishimo chake, vinang'aa hatari. Ukilifungua mbele ya watu linapendeza kweli, ila ukiangalia vizuri koleo limelegea, mwiko una shingo nyembamba inayopinda ukiinua kipande kizito, halafu vishikio vya mahindi vinane vimewekwa ili hesabu ijae tu. Mchomaji atatoa vitu viwili humo na begi lenyewe litakaa juu ya kabati mpaka mhame nyumba. Kwa hela hiyohiyo unapata kitu kimoja cha maana, na mimi siku zote nachagua kimoja cha maana.

Sasa utajuaje kipi ndo cha maana kwake? Simama pembeni siku anachoma, jifanye unapiga stori tu, ila angalia mikono yake. Kama kila saa anapasua kuku katikati kuchungulia kama bado kuna damu, umeshapata jibu. Kama anapepea mkaa mpaka jasho linamtoka huku wageni wanauliza bado bado, hilo nalo ni jibu. Kama anageuza kwa uma wa kulia chakula na anaruka ruka kwa joto, jibu tena. Na ujue anatumia moto gani, mkaa, gesi au kuni, maana nusu ya zawadi za uchomaji zinafaa moto mmoja tu na hazina kazi kwenye mwingine.

Mimi nikipanga kwa mtu nisiyemjua sana, namba moja ni themomita ya nyama, na hapo sibishani na mtu. Ndo kifaa pekee kinachobadilisha chakula chenyewe, vingine vyote vinarahisisha kazi tu. Watu wanaochoma miaka mingi watakwambia wao wanajua kwa macho na kwa kubonyeza kidole, sawa, kwa steki wanaweza kupatia, lakini rangi inadanganya jamani. Nyama ya kusaga inaweza kuwa kahawia ndani kabla haijafika joto la usalama, na kuku mchanga anaweza kuonyesha wekundu karibu na mfupa wakati ameshaiva kabisa. Viwango vya USDA, yaani idara ya kilimo ya Marekani, ni hivi: kuku wa aina yoyote 74°C, nyama ya kusaga kama ya baga 71°C, vipande vizima vya ng'ombe, mbuzi au nguruwe 63°C halafu unaviacha vipumzike dakika 3. Kwa nini baga inataka joto zaidi kuliko steki wakati ni ng'ombe yuleyule? Kwa sababu bakteria wa kipande kizima wengi wanakaa juu, moto unawakuta hapohapo, ila ukisaga umewachanganya mpaka katikati.

Zipo za aina nyingi na hapa ndo watu wanapigwa. Zile za mshale zenye uso wa duara ni za bei rahisi ila zinasoma polepole, halafu hazisomi kwenye ncha tu, zinasoma kwenye urefu wa kama sentimita 5 za sindano, kwa hiyo kwenye kipande chembamba zinakupa joto la nusu nyama nusu hewa. Achana nazo. Chukua ya dijitali yenye sindano nyembamba inayosoma nchani. Nzuri kabisa ni zinazotumia thamokapo, yaani nyaya mbili za metali tofauti zilizounganishwa nchani, hizo zinatoa jibu kwa sekunde 2 mpaka 4, za kawaida zinaenda kama sekunde 10 hivi na bado zinafaa. Sekunde hizo sio mbwembwe, mkono uko juu ya moto na kama kifuniko kipo wazi joto linakimbia. Angalia pia kama haiingizi maji, maana itaoshwa kila mara, na namba ziwe kubwa, zenye taa nyuma.

Ukishanunua usiifunge kwenye karatasi ya zawadi kabla hujaijaribu. Jaza glasi barafu iliyopondwa, mimina maji yaenee kwenye nafasi, koroga, tumbukiza ncha katikati bila kugusa ukuta wala chini. Subiri itulie. Inatakiwa isome 0, ikicheza nusu nyuzi juu au chini sio kesi, ikisoma 3 rudisha dukani. Usipime kwa maji yanayochemka kama unakaa sehemu ya juu, kwa sababu kiwango cha kuchemka kinashuka kama nyuzi moja kwa kila mita 300 za mwinuko na utailaumu themomita bure. Na ukimpa mtu, mwambie jinsi ya kuchoma sindano: kwa paja la kuku, sehemu nene kabisa bila kugusa mfupa, kwa steki nyembamba unaingilia ubavuni sio juu.

Zile zinazobaki ndani ya nyama na kutuma joto kwenye simu ni za mtu anayepika kipande kikubwa masaa mengi kifuniko kimefungwa. Kwa mtu wa vipande vya haraka haraka ni anasa tu, halafu zinataka chaji, zinataka programu, na ukiingia ndani ya nyumba mawasiliano yanakatika.

Namba mbili, koleo. Ndio, koleo, kitu cha kawaida kabisa, na ndo maana watu hawakinunui kizuri. Urefu kama sentimita 40 kwa jiko la mkaa, pungufu ya 30 anaungua, refu sana anakosa nguvu za kubana. Dukani lishike, lifungue na kulifunga mara nyingi mfululizo uone kama springi inachosha kiganja. Jaribu kuokota sarafu mezani, halafu jaribu kuinua kitu kizito kidogo kwa ncha zilezile. Midomo ikipishana au ikijikunja pembeni, weka chini. Ncha ziwe na meno ya mawimbi, sio makali ya kuchana, na chuma kiwe cha pua. Yale yaliyofunikwa ncha kwa silikoni yanafaa kwa kikaango, sio kwa moto wa mkaa. Wanaosema ukitumia uma maji yote ya nyama yanamwagika wanaongeza chumvi, tatizo la uma ni kwamba haubebi, samaki anakatika na soseji inazunguka. Ukitaka zawadi ionekane kubwa nunua mawili yenye rangi tofauti, moja la nyama mbichi, moja la iliyoiva. Hilo litatumika kila siku ya kuchoma kuliko kitu kingine chochote kwenye orodha hii.

Tatu, kama anatumia mkaa tu, bomba la kuwashia mkaa. Ni silinda ya chuma yenye mpini, chini ina matundu, unaweka karatasi chini, mkaa juu, unawasha karatasi. Hewa ya moto inapanda juu na kuvuta hewa mpya kupitia matundu, moto unajipuliza wenyewe, na ndani ya dakika 15 mpaka 20 mkaa wote umeshika na wa juu umeanza kuwa na majivu ukingoni. Hamna kupepea, hamna mafuta ya taa, na ile harufu ya mafuta ya taa kwenye nyama hamna. Kama hajawahi kuwa nalo atakukumbuka. Cha kuangalia ni mpini, uwe umekaa mbali na mwili wa bomba na una kinga ya joto katikati, afu kuwe na mshikio wa pili wa waya wa kusaidia kumwaga, maana bomba limejaa mkaa unaowaka sio la mkono mmoja. Dogo usichukue labda kama jiko lake ni la watu wawili. Kwa mwenye gesi halina kazi kabisa.

Nne, glavu. Hapa inategemea anashika nini. Za ngozi ndefu mpaka karibu na kiwiko ni za kushika chuma, kusogeza wavu, kumwaga mkaa. Za silikoni ni za kushika nyama yenyewe ikiwa ya moto na mafuta, unaziosha kwa sabuni zinarudi mpya. Za kitambaa kile cha kuzuia joto zinapendeza na vidole vinacheza vizuri, ila zikilowa ni hatari, maji yanapitisha joto haraka na mtu anaungulia ndani ya glavu huku anahangaika kuivua. Ukimpa hizo mwambie. Na saizi jamani, glavu kubwa mno inadondosha vitu kwenye moto.

Baada ya hapo vinakuja vitu ambavyo ni vizuri ila sio kwa kila mtu. Kikaango cha chuma kizito, kile cheusi kisicho na mpini wa plastiki wala mbao, kinafaa sana kwa anayependa kuchoma mboga, uduvi na vitu vidogo vinavyopenya kwenye wavu, kinavumilia moto wowote. Lakini ni kizito na kinataka kukaushwa na kupakwa mafuta kila kikioshwa, kwa hiyo mtu anayeloweka vyombo mpaka kesho yake usimpe, kitapata kutu wiki hiyohiyo. Ubao mkubwa wa kukatia wenye mfereji pembeni wa kukusanya maji ya nyama, huo mpe yeyote. Mishikaki bapa badala ya ya duara, kwa sababu kwenye ya duara ukigeuza chuma kinageuka nyama inabaki palepale.

Taa ya kuvaa kichwani inadharauliwa sana. Anayechoma usiku anashika simu kwa meno, si tunaona. Taa inayovaliwa inafuata macho na mikono yote miwili inabaki huru. Hakikisha mwanga ni mweupe, maana chini ya mwanga mwekundu kila kipande kinaonekana kibichi. Za sumaku za kubandika kwenye jiko nyingi ni plastiki, usije ukashangaa imenyong'onyea.

Na gunia la mkaa mzuri? Nalikubali kabisa, tena kwa mtu mwenye kila kitu ndo jibu. Mkaa wa vipande vya miti unashika haraka, unatoa moto mkali na majivu machache, ila vipande havilingani na moto unapanda na kushuka. Wa kufinyangwa unawaka kwa utulivu na kwa muda mrefu zaidi lakini unaacha majivu mengi. Ukikuta umeandikwa kwamba unawaka kwa kiberiti kimoja basi umeshawekwa kemikali za kuwashia, kwa mwenye bomba la kuwashia hauna maana.

Brashi ya kusafishia wavu nimeiweka mbali makusudi. Ile ya nyuzi za waya usimnunulie mtu. Nyuzi zinakatika, zinanasa kwenye wavu, zinahamia kwenye chakula, mtu anameza. Mwaka 2012 CDC, yaani taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa, ilitoa taarifa ya wagonjwa sita wa namna hiyo katika mfumo mmoja tu wa hospitali Providence, Rhode Island, wengine nyuzi zimewachoma kooni na wengine kwenye utumbo. Nunua ya chuma kilichosokotwa isiyo na nyuzi, au kibao cha kukwangulia ambacho kikitumika kinajichonga chenyewe kufuata wavu.

Vya kuacha kabisa: mikeka myeusi ya kutandika juu ya wavu, nyingi zinatengenezwa kwa PTFE, ile plastiki ya vikaango visivyonatisha, na kikomo chake ni kama 260°C, moto wa mkaa unapita hapo bila hata kujitahidi. Bunduki ya kupimia joto kwa mwanga, inasoma juu tu, ndani ya nyama haioni. Kucha za kuchambulia nyama, uma mbili zinafanya kazi hiyohiyo. Wavu wa mabati yaliyopakwa zinki, huo sio wa chakula. Chuma cha kugonga jina la mtu kwenye steki, atafanya mara moja apige picha basi. Na sosi za kuchagua kwa lebo, labda uwe unajua kabisa anapenda nini.

Ukiwa na hela ya jiko jipya usimshtukize, mwulize. Watu wa mkaa wana misimamo kuhusu majiko yao kuliko unavyodhani. Kama mkikubaliana, sisitiza liwe na kifuniko na matundu ya hewa juu na chini, kwa hayo matundu ndo anaongeza na kupunguza moto. Lile la duara lenye kifuniko ambalo limeigwa kila kona ya dunia alilitengeneza George Stephen mwaka 1952 kwa kukata boya la chuma katikati, maana upepo ulikuwa unampulizia majivu kwenye chakula. Liwe lipi, litumike nje. Mkaa unatoa kaboni monoksidi isiyo na harufu, sio kitu cha kuingiza kwenye veranda iliyofungwa mvua ikianza.

Ukikwama kabisa kuchagua, chukua themomita na koleo moja, weka pamoja, tupia na betri ya akiba. Themomita nyingine zinatumia betri zile bapa za duara ambazo huzipati kila duka, na zikiisha siku ya wageni anarudi kupasua kuku.