Uzoefu wangu na programu ya simu ya bima ya afya, baada ya miezi 14

Naipa nyota tatu kati ya tano. Mkataba ni wa familia ya watu wanne, na programu nimeitumia kwa miezi 14. Jina la kampuni naliacha, kwa sababu programu hizi zinafanana mno na mengi ya hapa utayakuta kwenye ile uliyo nayo.

Kinachonifanya nisiifute ni ukurasa wa matumizi. Siku mbili tatu baada ya kutibiwa unaona tarehe, kituo, huduma zilizodaiwa, kiasi kilicholipwa na ukomo uliobaki, yaani kiasi ambacho bima bado inaweza kukulipia. Wengi hufungua programu kutafuta hospitali tu na ukurasa huu hawaugusi, wakati ndio unaolinda mfuko na siri kwa pamoja. Ukikuta kipimo ambacho hukufanyiwa, ujue ukomo wako umeliwa. Ukikuta kituo ambacho hujawahi kukanyaga, kuna mtu anatibiwa kwa namba yako, na hilo ni baya zaidi: ugonjwa wake, aleji zake na hata kundi lake la damu vinaweza kuingia kwenye faili lako. Fedha inarudishwa kwa barua moja. Faili lililochanganywa ni kazi nyingine kabisa kulisafisha.

Ukurasa huo ulinganishe na bili yenye mchanganuo. Risiti ya jumla haisaidii, maana imeandikwa "maabara" na kiasi basi, ila mchanganuo unataja kila kipimo na kila dawa kwa idadi yake. Uombe ukiwa bado uko dirisha la bima. Angalia pia msimbo wa ugonjwa, ile herufi yenye tarakimu za ICD-10, orodha ya kimataifa ya misimbo ya magonjwa. J06.9 ni maambukizi ya njia ya juu ya hewa, Z00.0 ni uchunguzi wa jumla wa afya. Mtu amekwenda na homa na kikohozi, karani akabonyeza Z00, na dai linarudi limekataliwa kwa sababu mikataba mingi hailipii uchunguzi wa kawaida. Daktari anaweza kusahihisha msimbo kwa dakika chache mgonjwa akiwa bado yupo. Baada ya mwezi ni barua juu ya barua. Fomu ya madai yenye nafasi tupu usiisaini, hata foleni ikiwa ndefu namna gani. Kiasi kiandikwe kwanza.

Kampuni hii hutuma namba ya uthibitisho kwenye simu ili ziara ifunguliwe. Utaratibu mzuri, mradi uelewe kwamba namba hiyo ni saini yako. Naitaja nikiwa nimesimama mbele ya karani, basi. Anayepiga simu na kusema kadi inafungwa leo, "nisomee namba uliyotumiwa", hata kama anajua jina na tarehe yako ya kuzaliwa, kata simu upige mwenyewe namba iliyo nyuma ya kadi. Kujua tarehe ya kuzaliwa si ushahidi wa lolote; imeandikwa kwenye kila fomu uliyowahi kujaza.

Nyota ya kwanza imeanguka kwenye kikokotoo cha kuchagua mpango. Kinapanga mipango kwa ada ya mwaka peke yake, na hapo ndipo watu hununua vibaya. Chukulia mpango wa kwanza una ada ya 100 na unachangia asilimia 10 ya kila bili. Wa pili una ada ya 70, lakini bili za mwanzo hadi kufikia 40 kwa mwaka unalipa mwenyewe, kisha asilimia 10 ya zinazozidi. Mwaka usiougua, wa pili unakuachia 30. Bili za mwaka zikifika kama 33, mipango inalingana. Zikifika 200, wa kwanza umekugharimu 120 na wa pili 126. Tofauti inabaki 6 hata bili zikiongezeka, mradi hazijavuka ukomo. Kwa hiyo ule unaotisha kwa maneno ya "unaanza kulipa mwenyewe" unaweza kukuokolea 30 na kukupotezea 6 tu, kwa sharti moja: ile 40 iwepo mahali unapoweza kuichukua usiku wa manane. Kama haipo, lipa 100 ulale. Piga hesabu hii kwa tarakimu za mkataba wako mwenyewe, maana mizani hubadilika haraka.

Baada ya hapo soma ukomo, tena ule mdogo uliofichwa ndani ya mkubwa. Mkataba unaweza kutangaza ukomo mnono wa kulazwa huku meno, miwani, uzazi na magonjwa sugu kila kimoja kikiwa na kikomo chake. Uliza kama ukomo ni wa kila mtu au familia nzima inagawana. Uliza daraja la chumba. Baadhi ya mikataba, ukilala chumba cha bei mara mbili ya stahili yako, hawakukati tofauti ya chumba tu. Wanapunguza bili yote kwa uwiano huo, pamoja na ada ya daktari na upasuaji. Mgonjwa anadhani amejiongezea kitanda kizuri, kumbe amejikatia nusu ya bima.

Kulipa ada kwa awamu kuna ongezeko mara nyingi. Zidisha awamu kwa idadi yake ulinganishe na malipo ya mkupuo. Usiache mkataba ukatike kati ya awamu, kwa sababu ukiurudisha unaweza kuanzishiwa upya vipindi vya kusubiri, yaani muda ambao bima bado hailipii huduma fulani, na cha uzazi mara nyingi ndicho kirefu kuliko vyote.

Nyota ya pili imeanguka kwenye siri. Programu iliomba majina ya simu, mahali nilipo, kamera, maikrofoni na hatua ninazotembea. Kamera inahitajika kwa risiti, na mahali ulipo wakati wa kutafuta kituo tu. Maikrofoni ni ya kuzungumza na daktari kwa video. Majina ya simu hayana kazi yoyote humo. Nimeyakatalia na kila kitu kinafanya kazi. Hatua zinabadilishwa kwa punguzo la ada mwaka unaofuata. Kabla ya kukubali, tafuta kwenye masharti kama takwimu hizo zinaweza kutumika kupanga ada yako baadaye. Haya yangu yalikuwa kimya juu ya hilo, nami nikakataa.

Arifa huonekana kwenye skrini iliyofungwa zikiwa na jina la kliniki. Zima maudhui yake kwenye mipangilio ya simu, siyo ndani ya programu. Jambo lingine ambalo halisemwi: mwanachama mkuu anaona ziara zote za wategemezi, akiwemo mwenza na mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima. Niliomba kila mtu mzima apewe akaunti yake, na iliwezekana kwa fomu ya karatasi.

Picha za risiti ukishazituma, zifute kwenye matunzio na kwenye hifadhi ya mtandaoni. Washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani uthibitisho wa pili juu ya nenosiri. Shambulio la Februari 2024 dhidi ya Change Healthcare, kampuni ya Marekani inayoshughulikia madai ya bima ya afya, lililogusa taarifa za watu takriban milioni 190, lilipitia mlango wa mtandao usiokuwa na kinga hiyo.

Kulinda siri, hata hivyo, hakumaanishi kuficha ugonjwa kwenye fomu ya kujiunga. Shinikizo la damu usilolitaja leo ndilo litakalotumika kukataa bili ya kiharusi kesho. Jibu kila swali la afya kwa ukweli. Maswali ya dini, mshahara au namba ya simu ya jirani yaulizie sababu.

Niliomba nakala ya taarifa zangu zote. Chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya ya kulinda taarifa binafsi iliyoanza kutumika Mei 2018, ombi kama hilo hujibiwa ndani ya mwezi mmoja kwa kawaida. Hapa jibu lilichukua wiki saba, na kitufe chake kimefichwa kurasa nne ndani, chini ya "Mengineyo". Kufuta programu kwenye simu hakufuti akaunti. Anayehama aandike kuomba ifungwe, ataje namba ya uanachama, na adai uthibitisho wa maandishi.